Nahodha wa Mbuchi aliyerudishiwa safari zake za mchana

Kifuniko cha sufuria kinagonga ukingo mara moja, kisha kinanyamaza. Ni giza bado, muadhini hajaadhini, na katika nyumba ya udongo na mabati hapa Mbuchi, Sihaba Ridhiwani anachemsha chai.

Zamani kidogo angekishika kifuniko hicho kwa ncha ya khanga ili kisilie. Siku hizi anakiacha kigonge.

"Mwanangu aamke tunywe wote," anasema huku akipuliza moto. "Nilikaa miezi na miezi natoka humu kwa kunyata, utasema mwizi kwenye nyumba yangu mwenyewe."

Chumbani, Yasmin, binti yake wa miaka mitano, anajinyoosha na kuuliza kama kuna maandazi. Yapo.

Sihaba, mwenye miaka 34, ni nahodha wa boti ya abiria inayokwenda kwa mashine kutoka Mbuchi, ndani ya delta ya Rufiji, hadi Nyamisati, ambako watu hupanda magari ya Kibiti. Hubeba wauza kaa, wanafunzi, magunia ya mpunga, wagonjwa, na mara mojamoja bibi harusi na kitanda chake. Mumewe, Salumu, wakati huu yuko Chumbi kwenye mpunga. Yasmin hubaki na bibi yake, Mwamini.

Kazi ya Sihaba inatawaliwa na maji. Yakipwa, mikondo kati ya mikoko hubaki matope matupu, kwa hiyo boti huondoka yakijaa, na saa ya kujaa husogea kila siku. Safari nyingine huangukia mchana mweupe, nyingine usiku. Manahodha hugawana safari za wiki kwa kufuata nani alitangulia kazini.

"Aliyetangulia anachagua kwanza," anaeleza Sihaba. "Wa mwisho anaokota kilichobaki. Na kinachobaki ni giza na mbu."

Nafasi yake kwenye foleni hiyo ndiyo nusura aipoteze.

Katika chama chake cha awali cha manahodha, Subira, unahodha ulianza na upondo, ule mti mrefu wa kupimia kina na kuisukuma boti ikigusa fungu la mchanga. Mwanafunzi akishaiva, aliyemfundisha humkabidhi upondo mbele ya abiria. Dua husomwa, mkate wa kumimina huliwa humo humo botini, na tangu siku hiyo miaka yake huhesabika. Tena hakuna anayemtangulia kwenye zamu yule aliyempa upondo, isipokuwa mwenyewe aridhie.

Sihaba aliupokea kwa marehemu baba yake. Baadaye naye akamkabidhi kijana aliyemfundisha, Mudrick Twalha. Yasmin alipozaliwa njiti, mdogo wa kuweza kulala kwenye kiganja, Sihaba alikaa nchi kavu miaka miwili akimlea. Aliporudi, Subira walimpa nafasi yake ileile, ya tatu. Wala haikujadiliwa.

Kisha Subira ikaungana na Heri Njema, chama cha manahodha wa upande wa Nyamisati. Walikuwa wakinyang'anyana abiria hadi boti zikawa zinaondoka nusu tupu.

"Muungano wenyewe ulikuwa wa heri, nisiseme uongo," anasema Sihaba. "Nauli ikawa moja, matusi gatini yakaisha, kila abiria akapata jaketi la kuokolea."

Ila Heri Njema walikuwa na sheria yao: anayeacha boti zaidi ya msimu mmoja huanza upya. Sheria hiyo ikaingia kwenye katiba ya chama kipya, na jioni hiyohiyo Sihaba akatoka nafasi ya tatu akawa wa mwisho. Mbele yake, nafasi kadhaa juu, alikaa Mudrick.

"Kijana niliyemfundisha hata kufunga kamba," anasema, kisha anacheka. "Alikuwa akiniona njiani anapita nyuma ya nyumba za watu. Nikamwambia, we Mudrick, una watoto, chukua zamu yako. Ugomvi wangu na sheria, si na wewe."

Safari ikijaa, akishalipa mafuta na fungu la chama, nahodha hubakiwa na kama shilingi 30,000. Kuna wiki Sihaba alipata safari moja tu, ya usiku. Lakini anapoulizwa kilichomuuma zaidi hataji pesa. Alikuwa akiondoka mtoto amelala, akirudi mtoto amelala.

Siku moja Yasmin alimkuta Mudrick gatini akaanzisha naye mazungumzo. "Mjomba," alimuuliza, "mama yangu anaishi kwenye boti?"

"Nilirudi nyumbani na swali lile," anasema Mudrick, 27. "Mtoto hanilaumu, anauliza tu."

Kesho yake asubuhi maji yalijaa, boti ikajaa, zamu ikawa ya Mudrick. Yeye akaenda kukaa mchangani, upondo magotini. Nahodha mkongwe wa Heri Njema, Mzee Mshamu, ndiye aliyeitetea sana ile sheria. Akamfuata.

"Mudrick, maji yanapwa. Unamsubiri nani?"

"Namsubiri mwalimu wangu, mzee."

"Mwalimu wako zamu yake jioni."

"Basi na mimi yangu jioni, nyuma yake."

Mzee Mshamu akaona isiwe tabu, akapanda aiendeshe boti mwenyewe. Lakini maneno yalikuwa yameshakula muda, na maji yalikuwa yamepungua. Hawakufika hata kwenye kona ya kwanza, boti ikalala kwenye matope, na abiria wote wakiwa ndani na gati wakiliona kwa macho.

Hapo walikaa hadi alasiri. Bi Mwamvua, anayeuza kaa Kibiti na aliyekuwamo na matenga yake, anakumbuka vizuri.

"Nilimwambia, Mzee Mshamu, kaa wangu wamechoka kusikiliza kesi. Iamueni."

Kisha aliendelea. "Mwaka ule ulipolala na mgongo, ulikaa msimu na kitu. Tulikuletea uji. Kuna aliyekufutia miaka yako? Huyu mwenzako alikuwa amebeba mtu."

Wanawake wengine nao wakachangia, mmoja mmoja, bila kelele: huyu alivushwa na Sihaba akiwa na uchungu wa kujifungua, yule alipelekwa na Sihaba kuzika. Jua liliwapiga wote sawasawa. Maji yalipoanza kuinyanyua boti, mzee alimwita Mudrick aliyekuwa ng'ambo kwenye gati.

"Kamwite mwalimu wako," alisema. "Aje atutoe."

Sihaba alikuja na mtumbwi, akapokea upondo kutoka kwa Mudrick, akapima kina pande zote mbili, na kuitoa boti kinyumenyume.

Katika kikao kilichofuata ni Mzee Mshamu aliyesimama kuomba katiba irekebishwe: kuumwa na kulea visifute miaka ya mtu, wa chama chochote. Mabadiliko hayo yalimrudisha Sihaba nafasi ya tatu, ambayo ilikuwa ya mzee mwenyewe.

"Nimesogea nyuma hatua moja," anasema Mzee Mshamu akijisugua kiuno. "Mgongo wangu haujaona tofauti."

Sihaba anapomtaja mzee huyo sauti yake inashuka. "Angeweza kushupaa, na sheria ilikuwa upande wake. Nikipika samaki wa kupaka, sahani ya kwanza inakwenda kwake. Mudrick naye, zamu moja ya pesa aliitupa matopeni kwa ajili yangu. Nawashukuru wote, hata Bi Mwamvua na kaa wake."

Sasa kwa kuwa jioni nyingi yuko nyumbani, anasoma. Anajiandaa kwenda Dar es Salaam kutafuta cheti cha unahodha kitakachomruhusu kuendesha boti kubwa ambayo chama kinadunduliza kuinunua. Akishakipata, anataka afundishe msichana wa hapahapa Mbuchi.

"Siku nitakayomkabidhi upondo, mkate wa kumimina nitapika mwenyewe," anasema. "Na nitamwambia, ukizaa, kaa ulee. Nafasi yako utaikuta."

Alasiri, maji yanarudi kwenye mkondo. Bibi Mwamini amesimama gatini na Yasmin amemshika mkono, viatu vya shule vikiwa bado miguuni. Boti inajitokeza kwenye kona ya mikoko, Sihaba nyuma kwenye usukani, kitambaa chake cha njano kikionekana toka mbali.

Mtoto hakimbii. Anaitazama boti, anainua uso kutazama juu, kisha anamvuta bibi yake mkono.

"Bibi, mama amerudi na jua bado lipo."