Boki ya Kombeo

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa shule alinikabidhi filimbi, mpira wa netiboli uliokwisha ngozi, na uwanja ambao mbuzi wa kijiji kizima walikuwa wameugeuza zizi. "Mwalimu wa michezo," akaniambia, "watoto wa hapa Handeni kukimbia hawahitaji kufundishwa. Kazi yako wewe ni kuhakikisha wakishakimbia wanarudi darasani." Nilicheka. Yeye hakucheka, nami nikaenda kufukuza mbuzi.

Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge. Babu alikuja Korogwe kukata mkonge akiwa kijana, akaahidi kwao kwamba atarudi, na kaburi lake liko hapa hapa. Chuoni nilisomea riadha na netiboli. Besiboli nilikuwa sijaisikia hata kwa jina, na ndiyo iliyokuja kunilia miaka yangu mizuri.

Ilikuja wakati wa mkuu wa shule wa pili, bwana wa kufuata nyaraka, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kufyeka. Aliniita ofisini. "Mwalimu, kuna kijana wa Kijapani anakuja kujitolea. Analeta mchezo wake. Mpokee. Ukikushinda, usije kuniambia."

Kwa wasioujua, mchezo huo ni kama rede iliyokwenda shule. Mrushaji anasimama juu ya kilima kidogo katikati ya uwanja. Sisi hatukuwa na haja ya kukijenga, tulisawazisha kichuguu kilichokuwepo, na jina la kichuguu likabaki. Mrushaji anamrushia mpira mpigaji mwenye rungu. Mpigaji akiupata mpira, anakimbia kuzunguka vituo vinavyoitwa besi, na akifika tena alipoanzia, yaani besi ya nyumbani, timu yake inapata alama. Mwamuzi mkuu anasimama hapo nyumbani, nyuma ya mdakaji, macho kwa mrushaji. Hiyo ndiyo ikawa nafasi yangu, na barakoa ya chuma usoni. Mama zangu wa kanisani waliponiona nayo mara ya kwanza walidhani nimeanza kufuga nyuki.

Sheria ni nyingi, lakini moja mnapaswa kuijua. Mrushaji akishaanza kujizungusha ili arushe, haruhusiwi kuacha katikati. Akiacha, ni kosa linaloitwa boki, na kila mkimbiaji aliye kwenye besi anasogezwa besi moja mbele bila jasho. Iliwekwa ili warushaji wasiwahadae wakimbiaji.

Basi, katika kundi la kwanza kabisa tulilofundisha alikuwemo kijana wa Kizigua tuliyemwita Kombeo. Utoto wake wote alikuwa akilinda mahindi ya mama yake dhidi ya ngedere, na ngedere wa Handeni si wa kutishwa kwa kelele, wanataka jiwe. Mkono wake ulikuwa umefunzwa kabla yetu. Mjapani alipomwona anarusha mara ya kwanza alikaa chini kwenye vumbi, akashika kichwa.

Tatizo lilikuwa mwenye mkono. Kombeo alicheza mguu wa kulia raba, wa kushoto peku, kwa madai kwamba mguu mmoja lazima usikie ardhi. Aliusemesha mpira kwa Kizigua kabla ya kuurusha, na ukimwendea vibaya aliugombeza. Mpigaji akiwa mkubwa kwake kwa umri, alimwamkia kwanza, "Shikamoo, kaka," akasubiri aitikiwe, ndipo anamtoa kwa mirusho mitatu isiyopigika. Nilimkataza. Akaniuliza, "Sasa Mwalimu, nimtoe mtu mzima hata salamu sijampa?" Mjapani alipoeleweshwa alifurahi sana, akasema kwao pia huinamiana vichwa kwanza.

Siku moja aliacha mchezo akafuata kundi la nyuki lililokatiza uwanja, akarudi kesho yake na asali. Alifyatua matofali, akaendesha bodaboda, akapiga ngoma kwenye harusi, akauza kahawa. Alioa mara mbili, mke yule yule. Mara ya kwanza walikosana kwa sababu ya jogoo aliyemlaza chumbani, na mara ya pili mke alikubali baada ya jogoo kuliwa. Nilimpenda kijana yule kama niliyemzaa, na nilimchapa kwa maneno makali kuliko mwingine yeyote.

Nikahamishiwa Korogwe. Huko bosi wangu alikuwa afisa michezo wa wilaya, mtu mwema, mwepesi wa kuahidi. Ndiye aliyemleta mteuzi wa timu ya taifa kutoka Dar es Salaam kuangalia pambano la Handeni na Korogwe, pale uwanja wa Old Korogwe, mwamuzi nikiwa mimi. Mteuzi alitangaza mbele ya wote: timu imebakiza nafasi ya mrushaji mmoja, na atachukua mrushaji wa timu itakayoshinda. Timu hiyo ilikuwa inakwenda kucheza nje ya nchi.

Kombeo, mrushaji wa Handeni, wakati huo mtu mzima mwenye watoto, aliitaka nafasi ile mpaka ikamkosesha kula. Alinyoa. Akavaa raba miguu yote miwili. Mama yake, ambaye alikuwa hajawahi kuvuka Segera, alikuja na kanga mpya. Kabla ya mchezo alinijia. "Mwalimu, mimi nimerusha mbele ya watu wanaonijua tu. Nataka nirushe mara moja kwa mtu asiyenijua, nione kama na yeye atashangaa."

"Nenda karushe," nikamwambia. "Leo mimi sikujui."

Alirusha siku ile sijapata kuona. Lakini Korogwe nao walikuwa na mrushaji, na tulifika zamu ya mwisho wakiwa sare. Korogwe ndio wanapiga, mkimbiaji wao yuko besi ya tatu, ya mwisho kabla ya nyumbani, kijana wa Magoma, mpole. Akifika nyumbani, mchezo umekwisha. Wapigaji wawili walishatoka, bado mmoja zamu yao iishe. Mashabiki wanapiga madebe. Kombeo akaanza kujizungusha, mkono ukapanda, halafu akasimama. Mkono ukashuka taratibu. Akavua kofia.

"Boki!" nikaita. Mdomo uliita kabla ya mimi kujua.

Ndipo nikasikia madebe yamenyamaza. Nikageuka. Nyuma yangu, kwenye njia ya makaburini, jeneza lilikuwa linapita. Wabebaji walikuwa wanne tu, wazee watupu, wamechoka hadi miguu inapishana. Marehemu alikuwa mzee mmoja wa kambi za mkonge, sikumjua jina, mmoja wa wale waliokuja peke yao na kuzeeka peke yao.

Kombeo aliuweka mpira juu ya kichuguu, akanipita, akatia bega. Akafuata mdakaji wake. Kisha Korogwe, kisha mashabiki, kisha mteuzi wa Dar na viatu vyake vya kung'aa, wakipokezana. Wanaume wote wakaenda. Kijana wa Magoma alibaki nyuma kidogo, akatembea hadi besi ya nyumbani, akaigusa kwa ncha ya kiatu kama sheria inavyotaka, akanitazama kama anayeomba radhi, akawakimbilia wenzake. Tukabaki wanawake, na afisa michezo, ambaye goti lilikuwa linamsumbua.

Afisa akanisogelea akichechemea. "Mwalimu, ifute."

"Siwezi, mkuu."

"Msiba, Mwalimu! Nani atakulaumu? Sema uliita taimu, mchezo usimame. Hakuna aliyesikia vizuri. Huyu kijana anakosa kupanda ndege kwa sababu ya adabu yake."

"Na yule wa Magoma yeye amekosea nini?"

Afisa akafuta jasho. "Una roho ngumu, mama."

Sikuwa na roho ngumu. Nilikuwa nimemgeuzia mgongo ili asione machozi. Mama yake Kombeo alikuwa ameketi palepale na kanga yake mpya, akinitazama, na sikujua kama anaelewa nilichofanya. Nilijua kwamba nikiifuta, nitamnyang'anya mtoto wa Magoma alama yake halali kwa sababu tu wa upande wa pili ni mwanangu. Lakini nawaambia kweli, nilitamani kuifuta kuliko nilivyotamani kitu kingine katika kazi ile.

Walirudi na vumbi la kaburi mikononi. Kombeo akaja moja kwa moja.

"Umeita nini, Mwalimu?"

"Boki."

Akakitazama kichuguu, na mpira uliokuwa bado juu yake. "Nilikuwa nimeshaanza kuzunguka, eh?"

"Ulikuwa umeshaanza."

"Basi ni boki." Akaenda kumpa mkono yule wa Magoma, kisha mrushaji wa Korogwe, akampa glovu yake ya kudakia, iliyokuwa nzuri kuliko ya mwenzake. "Kaitembeze huko," akamwambia. Kisha akaenda nyuma ya choo cha uwanja, na nilimwona mama yake anamfuata na kumfunika mabega kwa ile kanga. Kombeo alilia kama mtoto. Mteuzi aliondoka na mrushaji wa Korogwe, kama alivyotangaza.

Nilipostaafu nilipewa cheti na saa ya ukutani. Walimu vijana huniuliza kazi ya uamuzi inataka nini, nami huwajibu kuhusu macho na kusoma sheria, maana hayo ndiyo yanayofundishika. Kombeo ana mvi sasa. Alihamia Korogwe, anauza asali sokoni, na Jumamosi anafundisha watoto besiboli pale pale uwanjani. Mimi huenda kukaa pembeni. Kila mwaka hakosekani mtoto wa kumuuliza ilikuwaje, na mkono ule, asifike timu ya taifa.

"Tulikuwa na mwamuzi mzuri," anawajibu, na ananionyesha kwa kidole, kwa fahari kabisa. Watoto wanageuka wote kunitazama, nami naanza kutafuta kitu mkobani ambacho hakimo.