Nilivyomkatalia Kebirungi Maziwa

Kebirungi alikuwa mjane mwenye ng'ombe wanne na ulimi usiongoja ruhusa. Kila asubuhi alifika kituo cha ushirika wetu, huku Ankole, akisukuma baiskeli yenye madebe mawili ya maziwa. Mimi ndiye niliyekuwa mpimaji. Natia maziwa kidogo na spiriti kidogo kwenye kichupa, natikisa. Yakishika vidonge, yanakataliwa. Nilipimia chumba cha ndani, mlango umefungwa kwa amri ya mwenyekiti Rwamahe, aliyedai wafugaji wataingiza vumbi. Vumbi, watu wanaolala na ng'ombe!

Kwenye mkutano wa mwaka Rwamahe alisoma majina ya kamati, yale yale ya miaka tisa, akauliza kama kuna mwenye neno huku akikunja karatasi. Kebirungi akasimama.

"Mimi ninalo. Kwa nini maziwa yasipimwe hapa nje tukiona wote? Na kwa nini tusishike zamu, kila wiki na mtu wake?"

"Mama, kupima ni utaalamu. Wewe kamua."

"Kwani huyu Bagyenda alizaliwa anajua? Si alifundishwa siku mbili tu?"

Watu walicheka. Mimi, Bagyenda mwenyewe, nilicheka pia, na Rwamahe akaniona.

Kesho yake aliniwahi chumbani kabla wafugaji hawajafika. Hakupandisha sauti. "Maziwa ya yule mama leo yatashika vidonge," akasema. "Kazi yako bado unaipenda, sivyo?"

Nilijiambia nina watoto watatu shuleni. Uongo huo. Watoto walikuwepo, lakini niliogopa tu, kama kuku aliyeona mwewe. Maziwa ya Kebirungi nilipoyatikisa yalibaki laini, hayana hata chembe. Nikatoka nje nikamwambia yameharibika.

"Debe lipi?"

"Hili."

"La ng'ombe wangu Bihogo hilo," akasema, akashika kidevu.

Kwetu mtoto akimwaga maziwa chini huchapwa. Mimi mtu mzima niliyamwaga mbele ya macho yake, kwa kuwa kanuni ya Rwamahe ilisema yaliyokataliwa yasirudi nyumbani. Nilifanya hivyo siku saba mfululizo. Siku ya nne nilitamani anitukane, lakini wapi.

"Angepima Rwamahe ningebisha," aliniambia. "Wewe sikubishii, mdogo wangu."

Alimkanda Bihogo kiwele, akamnywesha dawa za miti. Alikuwa ng'ombe aliyeachiwa na marehemu mumewe, akiitwa jina lake anageuka. Siku ya nane akamuuza kwa wachinjaji. Rwamahe aliposikia akasema inatosha, ameshika adabu, nimpokelee. Nikampokelea. Kebirungi akashukuru Mungu kwamba tatizo kweli lilikuwa Bihogo.

Mwaka haukuisha, gari letu la maziwa lilirudishwa kutoka kiwandani Mbarara na tangi zima limechacha. Ikajulikana kwamba maziwa ya Rwamahe mwenyewe yalikuwa yakimiminwa humo bila kupimwa. Wanachama walimtoa siku hiyo hiyo. Walipokutana tena hawakuweka meza ya mbele; walikaa duara nyasini, na kila mtu akasema lake, hata wale ambao sikuwahi kusikia sauti zao. Wakakubaliana: kupima ni nje, na ni kwa zamu.

"Basi tuanze na nani?" mtu akauliza.

Kebirungi akanyoosha mkono. "Bagyenda. Aanze yeye, atufundishe na sisi."

Wengine wakaguna kwamba mimi nilikuwa mtu wa Rwamahe.

"Nyamazeni," akasema. "Huyu alinikatalia maziwa wiki nzima, uso umemshuka kwa huruma, lakini ukweli aliniambia. Bila yeye Bihogo angetuharibia tangi lote." Akanigeukia. "Unakubali, mdogo wangu?"

Nilifungua kinywa nimwambie. Macho yote yalikuwa kwangu, naye anatabasamu.

Nikasema nakubali.