Matundu Mawili Kwenye Ngao

Mume wangu Clement ana ugonjwa ambao hakuna hospitali inayoutibu: hawezi kuona gari lisilo na ngao akanyamaza. Liwe la padri, liwe la bwana shamba, atalizunguka mbele, atalipiga bampa kwa kiganja na kusema, "Hili ni karatasi." Kisha anamsimulia mwenye gari habari za ng'ombe wanaokatiza barabara, mpaka mtu anakubali kuchomelewa mabomba mbele ya gari lake, wengine kwa kuchoka tu kumsikiliza.

Sababu ninaijua, ndiyo maana nimemvumilia miaka ishirini na moja. Mwaka 1987 kaka yake Petro aligonga ng'ombe karibu na Mungaa, akiendesha pikapu ya shirika la umma walilofanyia kazi wote wawili. Ng'ombe alipanda juu ya boneti akaingia ndani na kioo. Clement ndiye aliyekwenda kuutoa mwili wa ndugu yake. Miaka saba baadaye shirika likapunguza watu, na wakati wenzake wanakunywa kiinua mgongo, yeye alinunua mashine ya kuchomelea. Serikali ilikuwa imefungulia biashara ya nje, magari yaliyotumika Japani yanashuka mpaka kwetu Singida, naye akayapokea yote kwa ngao. Hajawahi kusema kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya Petro. Clement hasemi kitu. Ukimuuliza chakula kikoje, anakujibu, "Kimeiva."

Basi mwaka 2005 Bwana Idrissa, mwenye kinu cha kukamua alizeti, akaleta Landikruza iliyong'aa mpaka watu wakawa wanajitazama kwenye milango yake. Karakana ya Clement iko ndani ya uwanja wa kinu hicho, kwa hisani ya huyo huyo Idrissa. Alituachia gari lifungwe ngao, yeye akapanda basi kwenda Dodoma.

Clement akaona kwenye bampa taa mbili ndogo za vioo vyeusi. Akabonyeza kila swichi, zote zimeandikwa Kijapani. Zile taa hazikuwaka. Mtu mwenye akili timamu angesubiri amuulize mwenye gari. Mume wangu akaamua zimekufa, akachomelea kwenye ngao bamba pana la chuma mbele ya kila moja ili vibaka wasije wakazing'oa. Jioni alikuja nyumbani amefurahi, anajiona ametenda wema.

Idrissa aliporudi nilikuwa pale karakana nimempelekea Clement chakula. Kelele zake zilisikika mpaka ndani ya kinu.

"Fundi, umelipofusha gari langu!"

Kumbe taa zile zinatoa mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Kamera ya ndani ndiyo inauona, halafu picha ya barabara inatokea sehemu ya chini ya kioo cha mbele, nyeusi na nyeupe, mbali kuliko zinakofika taa za kawaida. Ndiyo sababu alilinunua gari lile. Sasa picha ilikuwa giza tupu.

"Bosi, taa isiyowaka si taa," Clement akasema.

"Inawaka!"

"Mbona siioni?"

"Ndiyo kazi yake, usiione!"

Clement akatikisa kichwa. Akasema akiyatoboa mabamba, ngao itabaki pambo.

"Gari likishamwona ng'ombe halitamgonga," Idrissa akasema.

"Ng'ombe mwenyewe hajui kama ameonekana."

Hapo uvumilivu wa Idrissa ukaisha. Akampa mpaka Ijumaa: atoboe mabamba, au aondoe mashine yake uwanjani.

Niliwaka. Rahel wetu alikuwa kidato cha tatu, na huyu mzee yuko tayari tukose pa kufanyia kazi kwa sababu ya bati! "Baba Rahel, toboa." Akavua viatu. "Toboa!" Akaenda kuoga. Jumatano sikupika. Nilimwekea kipande cha bomba kwenye sahani nikamwambia aanze na hicho. Alhamisi jioni alitoboa matundu mawili, kila moja ukubwa wa kiganja, kwa hasira, hata kingo hakuzisugua. Akarudi nyumbani, akala ugali, akalala.

Jumamosi nilikwenda sokoni Mtinko kununua kuku. Wakati wa kurudi pikapu tuliyopanda ikaharibika, giza likaingia, nikaona nitembee tu, mitetea miwili mkononi, kanga yangu nyeusi begani. Mbele yangu likaja lori limewasha taa zote, likaniumiza macho. Pembeni pangu palikuwa na korongo, hivyo nikasogea katikati ya barabara nilipishe. Sikujua kwamba nyuma yangu kuna gari.

Nilisikia breki tu. Lori likapita na vumbi lake. Nilipogeuka niliona ngao, na kwenye ngao matundu mawili yenye kingo mbaya. Kati yangu na ngao hiyo pangetosha kulaza mkeka.

Idrissa alishuka, akaacha mlango wazi. "Shemeji, kwa macho yangu sikuona kitu. Taa za lori zilinipofusha. Nimekuona kwenye kioo."

Akanileta nyumbani, akamweleza Clement yote. Nikangoja mume wangu aseme neno. Akasema, "Nani alikutuma utembee usiku?"

Nililia kwa hasira. Nilimtukana kwa Kinyaturu, mbele ya mgeni, na sijutii. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Idrissa. "Bosi, nionyeshe."

Idrissa akasema picha haiji gari likiwa limesimama, na lazima mtu awe barabarani. Wote wawili wakanitazama. Nani mwingine? Nikatembea mpaka kwenye mbuyu wa mwisho wa mtaa wetu, kuku bado mkononi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunipokea. Nikasogea pembeni nikasimama gizani.

Gari likaja, likanipita. Likageuza, likanipita tena. Mara ya tatu nilikuwa nimeshapanga matusi mapya, mazuri kuliko yale ya kwanza.

Likasimama mbali, mahali ambapo taa zake za kawaida hazikunifikia. Clement akashuka, akaja kwa miguu. Nikasikia anavuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima.

"Unaonekana," akasema.

Nikahamishia kuku mkono wa pili.

"Unaonekana, Mama Rahel. Mpaka kuku."

Akanipokea kuku, mmoja mmoja.