Aliyesema Hadithi Ile Ni Yake

Jumanne nilikuwa sokoni hapa Isiolo nikichagua vitunguu simu ilipolia. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule moja upande wa Gotu, nilikofundisha kabla gazeti halijanichukua. "Yule mwenzako wa insha ametuacha jana," akasema. Badala ya kumpa pole, nikauliza, "Amekufaje? Kuna mtu alikuja kwake?" "Ni presha tu. Mbona unauliza hivyo?" Nilikaa juu ya gunia la viazi la mama wa watu bila hata ruhusa, maana kwa miaka mingi nimeingoja simu hiyo nikiogopa ingekuja na jibu jingine. Mmezoea kunisoma nikiwa mkali. Leo mnisome nikiwa mwoga, ndivyo nilivyo.

Marehemu alifundisha insha, na watoto wa wafugaji hawadanganyiki ovyo. Alikuwapo msichana mmoja wa darasa la saba, hodari wa hesabu, aliyemtoa jasho. "Mwalimu, huyo sungura aliongea lugha gani? Na fisi alielewa aje?" Akiambiwa abuni tu, anarudisha daftari tupu. "Hiyo ni uongo, na mama alinikataza." Mimi nilicheka, nikamwambia mwenzangu amwachie hesabu zake. Alinikasirikia kwelikweli. Alisema mtoto anayeuliza vile ana hadithi nyingi kuliko mimi. Kesho yake akaachana na sungura, akalitoa darasa zima mpaka kwenye njia ya mifugo. Nani amepita hapa? Lini? Alikuwa na haraka? Wote walijibu, kwa kuwa kule mtoto husoma mchanga kabla ya kusoma kitabu. "Basi andikeni hivyo hivyo," akawaambia. "Anzeni na kitu kilichopotea, mrudi nyuma hatua kwa hatua, na kila hatua mjiulize kwa nini."

Msichana akaandika kurasa nne. Ngamia wamepotea bomani, na ndugu wa mwenye ngamia analia kwamba wamechukuliwa na wezi kutoka mbali. Lakini, aliandika, mwizi huwaswaga ngamia kutoka nyuma, nao hutawanyika. Nyayo hizi zilikuwa zimenyooka, na za mtu zilikuwa mbele. Ngamia jike humfuata bila kamba mtu anayemkamua. Kwa hiyo aliyewachukua ni mtu wa nyumbani. Tulisoma mara mbili, tukapongezana. Sote wawili tulikuwa wageni kule, na tulidhani hatimaye amejifunza kubuni. Mtoto aliyekataa mwaka mzima kuandika uongo, sisi tukaamini ameuandika siku moja.

Siku ya wazazi, chini ya hema tulilopewa na kaunti, ilikuwa desturi insha bora isomwe. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania isomwe hiyo, na mimi ndiye niliyeisoma. Nilipofika kwenye nyayo, watu waliacha kunong'ona. Mama mmoja alijifunika mdomo kwa leso. Mstari wa mbele akasimama mzee wa kamati ya shule. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ngamia wa kaka yake walikuwa wamepotea msimu ule ule, na kwamba yeye ndiye aliyelia wezi mpaka jamii jirani zikakaribia kupigana kwa kushukiana. "Hiyo imeandikwa na nani?" akauliza kwa upole, mkono ameunyoosha apewe daftari. Jina la msichana lilikuwa juu ya jalada. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi nyasini na wenzake, na kwa kuwa hakujua kudanganya, alianza kuinuka. Niliona yote hayo na ulimi wangu haukusogea. Marehemu alilichomoa daftari mkononi mwangu, akalibana kwapani. "Ni yangu. Nilitunga mimi, mtoto amenakili tu." Mzee akamtazama. "Wewe ni mtu wa kuja. Ngamia unawajua aje?" "Nimefundishwa na watoto wenu," akajibu. Yule mzee akaketi. Msichana naye akaketi.

Muhula wote uliofuata mzee alipita kila siku mchana, akasimama kwenye ua wa shule akitazama darasani. Marehemu alilihamisha dawati la msichana mbali na dirisha, akaendelea kufundisha. Mimi niliomba uhamisho mwezi ule ule wa siku ya wazazi. Nilipomuuliza kwa nini naye asiombe, alisema, "Nikihama, atajua si mimi, amgeukie mtoto." Aliniambia pia kwamba anaogopa, kwamba kila mlango ukigongwa huuliza mara mbili ni nani kabla ya kufungua. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, lakini yeye uongo wake mmoja aliutembea mpaka kaburini. Yule mzee alishatangulia, ndiyo maana naandika leo. Msichana alimaliza shule salama, na sasa anatibu mifugo ya watu.

Siku hizi kila mkutano wa elimu tunahubiri kwamba watoto wafundishwe kufikiri wenyewe, tunapiga makofi, tunakunywa chai. Mimi nimewahi kumwona mtoto aliyefikiri mpaka mwisho, na nilikuwa nimesimama pale na daftari lake mkononi. Kwa hiyo nawaambia walimu wenzangu: ukimfundisha mtoto kuuliza kwa nini, ujue kuna siku mtu mzima atainuka kuuliza ni nani aliyeuliza, na itabidi uwe umeshaamua utasema nini.