Msiba Uliongoja Meli

Mama alipofariki Mombasa, mdogo wangu alikuwa mpishi kwenye meli ya makaa ya mawe, katikati ya bahari. Mama mdogo akanipigia simu kunikataza. "Usimwambie. Mtu aliye melini hapewi msiba. Akishuka, tutamkalisha chini tumwambie." Ndiyo desturi yetu, nami nikaitii. Mkataba wake ulikuwa umebakisha wiki mbili tu.

Wiki ileile korona ikafunga mipaka. Mpishi wa kumpokea zamu hakuweza kusafiri, na kila bandari ilitaka mzigo, haikutaka watu. Makaa yalishushwa, mpishi hakushushwa. Wiki mbili zikawa miezi saba. Kila alipopata mtandao aliuliza, "Mama hajambo?" Nami, niliyejifungia kwangu Temple Hills, Marekani, nikajibu hajambo, amelala, simu yake mbovu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilivuka bahari tatu. Nilijichukia.

Siku moja meli yao ikatia nanga mbele ya Annapolis, ikingoja zamu ya kupakia Baltimore. Saa moja tu kwa gari! Nikapika mahamri, nikaenda mbio, mjinga mimi. Nani angeyafikisha, na hakuna aliyeruhusiwa kupanda wala kushuka? Nikasimama ufukweni, nikampigia simu. Akatoka nje, akapunga aproni nyeupe. Alionekana mdogo kama punje ya mchele, lakini kupunga kule kwa fujo kulikuwa kwake.

"Dada, nimechoka. Juzi nimetia chumvi kwenye chai ya kapteni. Kila mwezi wanasema next port utashuka, halafu kimya. Nikifika nyumbani nitalala miguuni kwa mama wiki nzima."

Hapo nikashindwa. Alikuwa akijikaza kwa ajili ya miguu ambayo haikuwapo tena. Nikamwambia yote: lini, vipi, na kwamba tulingoja ashuke.

Aproni ikatulia. Alilia kwa muda mrefu, nami nikasikia mwenzake akimwuliza kwa Kiingereza kama yuko sawa. Ningejua kuogelea ningejitupa majini.

Kisha akauliza, "Na wewe, dada? Ulikaa msiba na nani?"

"Na nani, mdogo wangu? Kila mtu alijifungia kwake. Nilikaa na simu."

"Hakuna hata mmoja aliyekuja?"

"Hakuna."

Akavuta pumzi. "Basi pole, dada. Pole sana. Mimi nimekuja."

Nikakaa chini mchangani, kama mfiwa anavyokaa, nikampokea.