Shoo ya Landrova ya Baba

Baba mdogo alilichuna gari la baba yangu kama mbuzi, na mwenye gari yuko ndani, mgonjwa wa kitandani. Leo kabureta, kesho dinamo, kesho kutwa taa. "Nazipeleka mjini zikatengenezwe, kaka," anasema, na baba anamshukuru. Kila asubuhi baba anamwuliza, "Limepona?" Naye anajibu, "Bado kidogo." Kumbe anaziuza! Baba aliupenda mlio wa ile landrova kuliko kwaya ya kanisani, na alikufa akiusubiri.

Baada ya matanga nilimfuata baba mdogo kumdai vyuma vya gari. Akaniangalia juu mpaka chini. "Mtoto wa kike, gari la nini? Nenda kaolewe." Nikamwitikia, "Sawa, baba mdogo." Moyoni nikasema, utanitambua.

Spea za gari la zamani namna ile huziendei dukani. Nilizunguka kwenye magereji ya Daraja Mbili mpaka mafundi wakaniita Mama Landrova. Dinamo niliipata kwa muuza vyuma chakavu wa Kaloleni. Tulitukanana kwanza, kisha akaninunulia chai. Kabureta niliing'oa mwenyewe kwenye gari lililogeuzwa banda la kuku huko kwetu mlimani, na kuku walinidonoa mikono yote. Siku injini ilipowaka nililia, sikatai. Nililia kwa hasira, maana aliyetakiwa kuusikia ule mlio hayupo.

Ikabaki shoo, yaani ule wavu wa chuma wa mbele unaokinga rejeta. Fundi akasema mpya anaweza kuagiza Nairobi. Nikamwambia sitaki mpya. Ya baba nilijua iko wapi.

Ilikuwa Kisongo, kwenye baa ya baba mdogo, juu ya mkaa, inachomewa mbavu za mbuzi. Kona yake moja baba aliishona kwa waya wa chanja ya kuanikia kahawa, nami nilimshikia koleo. Kila nikipita pale nasalimia, "Shikamoo, baba mdogo," huku naikodolea macho ile kona. Kumwomba? Thubutu! Huyo nisingemwomba hata maji ya kunywa.

Basi, malipo ni hapa hapa duniani. Binti yake akapata mchumba, na siku hizi maharusi wanayapenda magari ya zamani. Akaja mwenyewe. "Dada, nataka nipelekwe kanisani na landrova ya baba mkubwa."

"Lipo, mdogo wangu. Ila halina shoo. Ninayoitaka ni ile ya jikoni kwa baba yako. Mwambie ailete mwenyewe."

Akacheka. "Ile ya kuchomea nyama? Si aliiokota kwenye vyuma chakavu!"

"Hiyo hiyo," nikamjibu.

Baba mdogo alikuja Jumamosi na shoo ndani ya kiroba, hanitazami usoni. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami nilimwinamisha kwelikweli. "Shika hapo. Inua. Bado kidogo." Fundi alitaka kuisafisha kwa petroli, maana mafuta ya mbuzi yalikuwa yameigandia miaka na miaka. Nikamkataza. Alidhani nina haraka.

Siku ya harusi niliendesha mwenyewe. Baba mdogo alikaa mbele, ndani ya suti mpya. Bibi harusi na msimamizi wake nyuma yetu. Watu wa Kisongo walitupigia vigelegele. Injini ilinguruma vizuri, na yule mzee akapata ujasiri wa kutabasamu. "Kaka angefurahi," akasema. Niliukamata usukani mpaka vidole vikauma.

Tulipoanza kupanda kuelekea kanisani, gari likapata moto. Mafuta ya mbuzi kwenye shoo yakaanza kuyeyuka, na harufu ya nyama choma ikaingia ndani, nzito, juu ya manukato na maua. Bibi harusi akaziba pua kwa shela.

"Jamani dada, harufu ya nini hii?"

Baba mdogo akageukia dirishani. Niliona shingo yake ikilowa jasho.

"Muulize baba yako," nikasema. "Muulize hiyo shoo aliipata wapi, na mwenye gari alikuwa wapi."

Kisha nikapunguza mwendo, ili asikose muda wa kujibu.