Bakuli la Bibi

Shangazi anaishi kwangu Sofu, Kibaha, tangu miguu ilipoanza kumsumbua. Mwaka huu aliniomba jambo moja tu: nimpeleke Kisarawe akaone kaburi la mama yake, kwa sababu anataka kuzikwa ubavuni pake. Nikampeleka.

Kwenye nyumba ya ukoo anaishi kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Ilikuwa ya udongo, na makaburi yalikuwa nyuma, chini ya mikorosho. Sasa ina bati jekundu na vioo vyeusi, na mikorosho haipo. Kila shangazi alipotaja makaburi, kaka alimkatiza kwa bashasha.

"Tule kwanza, shangazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Mkewe akatumiminia maji, tukanawia kwenye bakuli la bati, jeupe, lenye maua ya bluu. Nilishameza tonge la kwanza shangazi alipolivuta lile bakuli na kuyamwaga maji sakafuni. Katikati ya kitako palikuwa na kiraka cha saruji.

"Hili nililitoboa mwenyewe kwa msumari," alisema. "Siku tuliyomzika mama."

Zamani kwetu, chombo alicholia chakula marehemu kiliwekwa juu ya kaburi lake, lakini kilitobolewa kwanza ili mwizi asikitamani. Wazee hawakumjua kaka yangu.

Nilitamani kuikwangua mikono yangu kwa mchanga.

"Na kaburi liko wapi?" nikamuuliza kaka.

Akaelekeza kidevu dirishani. Nje palikuwa na mfuniko wa shimo la choo, na bomba la hewa limesimama juu yake.

"Fundi alisema pale ndipo penye udongo laini," akasema. "Lakini nilisoma dua kwanza, msidhani mimi mshenzi. Na bakuli si nimelitunza?"

Nikatapika palepale, juu ya vigae vyake vipya, wala sikuomba radhi.

Shangazi hakulia. Alilifunga bakuli kwenye khanga yake, tukaondoka. Tulipofika Sofu akaomba msumari na jiwe. Aliketi barazani akaigonga ile saruji mpaka ikang'oka, kisha akachungulia tunduni.

"Mnizike hapahapa Kibaha," alisema. "Mama hana tena pa kuwekewa bakuli lake. Mtaliweka juu yangu."